Umeme wa Rufiji na Jiko la Mkaa: Uhakiki wa Sera ya Nishati na Tabianchi

Katika semina na maandishi ya miaka hii juu ya nishati limezoeleka neno moja, nalo ni "uwiano". Husemwa kwamba Taifa halina budi kupata uwiano kati ya kukuza uchumi na kupunguza hewa ukaa. Makada hulikariri, wanafunzi huliandika katika mitihani, na karibu kila mtu huridhika nalo kwa sababu halimuudhi mtu. Madhumuni ya uhakiki huu ni kuliuliza neno hilo maswali. Uwiano kati ya nini na nini? Unapimwa kwa mizani ya nani? Na mzigo unaoondolewa upande mmoja ili mizani ikae sawa, unatwishwa tabaka gani?

Maandishi yanayochambuliwa hapa ni matatu: Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015, Mchango wa Taifa katika kupambana na mabadiliko ya tabianchi, uliowasilishwa katika Umoja wa Mataifa Julai 2021, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024. Kila moja lina sifa zake, na wataalamu walioyaandika hawakufanya kazi ya kubabaisha. Lakini ukiyasoma kwa pamoja, kama anavyopaswa kuyasoma kada anayekwenda kuyatekeleza kijijini, unaona kwamba la umeme linazungumza na viwanda, la tabianchi linazungumza na wahisani, na la jiko linazungumza na akina mama. Na hakuna linalomjibu mwenzake.

Deni ni la nani?

Tuanze na jambo ambalo halihitaji maneno mengi. Tanzania haikuichafua anga. Mtanzania mmoja, kwa wastani, hutoa takriban tani 0.2 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani mmoja hutoa takriban tani 14. Bara zima la Afrika halifiki asilimia 4 ya hewa hiyo inayotolewa duniani. Mataifa ya viwanda yalijenga utajiri wao kwa makaa ya mawe na kwa jasho la makoloni, na leo yanatufundisha uhifadhi. Mwaka 2009 huko Copenhagen yaliahidi kuwa ifikapo 2020 yatatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea. Kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Yaani aliyechomewa nyumba anakopeshwa maji ya kuzimia moto, kwa riba.

Mwaka huo huo wa 2022 tulipata somo jingine la bure. Vita vya Ukraine vilipoikata Ulaya na gesi ya Urusi, wanunuzi wa Ulaya walikuja kutafuta makaa ya mawe ya Ruvuma, na malori yakapanga foleni kuelekea bandari ya Mtwara. Septemba ya mwaka ule ule Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulilaani bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Msimamo wa watu hawa juu ya makaa na mafuta hubadilika kulingana na baridi ya kwao.

Hayo yote ni kweli, na kada anayo haki ya kuyasema popote. Kosa linaanza pale yanapogeuzwa kuwa pazia. Kuna hoja inayotolewa siku hizi kwamba kwa kuwa hatukuichafua anga, basi suala la hewa ukaa ni la Wazungu na sisi tuendelee na shughuli zetu. Hoja hii ina sura ya uzalendo lakini haijachunguza moshi wa hapa nyumbani unatoka wapi na unamuua nani.

Asilimia ya kitu gani?

Andiko la mwaka 2021 linaahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Wengi hudhani maana yake ni kwamba mwaka 2030 nchi itatoa moshi pungufu kuliko leo. Sivyo. Asilimia hizo zinahesabiwa kutoka kwenye makadirio ya moshi ambao ungetoka mwaka 2030 kama tusingefanya lolote. Ni sawa na mtu anayesema alikusudia kunywa chupa kumi, akanywa saba, basi ameokoa tatu. Mkewe atataka kujua jana alikunywa ngapi.

Kwa nchi maskini njia hii ya kuhesabu si ya udanganyifu. Nchi ambayo viwanda vyake bado ni vichache na ambayo kaya nyingi hazijaungwa na umeme haiwezi kuahidi kushuka kutoka mahali ambapo haijapanda. Hata hivyo ina hatari mbili. Kwanza, ukubwa wa ahadi hutegemea ukubwa wa makadirio. Anayekadiria kwa kuongeza chumvi anajipatia ushindi kabla ya kazi. Pili, utekelezaji umekadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 19, na sehemu kubwa ya fedha hizo inatazamiwa kutoka nje. Mpango unaongoja fedha za nje unangoja pia masharti ya nje, na mabadiliko ya serikali za watu wengine: Januari 2025 Marekani ilitangaza kwa mara ya pili kujitoa katika Mkataba wa Paris. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya juu ya kuifanya fedha ya wengine kuwa msingi wa maendeleo yetu, na onyo hilo halijachakaa.

Moshi wetu

Ukweli ambao sera ya umeme peke yake haiwezi kuuona ni huu: sehemu kubwa ya gesijoto ya Tanzania haitoki katika mitambo ya umeme wala viwandani. Inatoka katika ardhi, yaani katika ufyekaji na uchomaji wa misitu. Kwa takwimu ambazo Serikali yenyewe iliziwasilisha kimataifa, kati ya 2002 na 2013 nchi ilipoteza wastani wa takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Sehemu kubwa ni mashamba mapya, sehemu ni mifugo, na sehemu ni kuni na mkaa.

Hapa ndipo jiko linapoingia katika nadharia. Mwaka 2019/20, kaya zilizotegemea kuni kwa kupikia zilikuwa asilimia 63.5, na za mkaa asilimia 26.2. Gesi ilikuwa asilimia 5 hivi, umeme asilimia 3. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya nishati ya Taifa hili tunazungumza kwanza juu ya mafiga matatu na jiko la mkaa. Umeme ni kisiwa kidogo katika bahari ya kuni. Serikali inakadiria kwamba zaidi ya watu 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kupikia. Watu hao ni wengi kuliko wanaouawa na ajali nyingi ambazo huzifanyia maombolezo ya kitaifa, na wengi wao ni wanawake na watoto, kwa sababu wao ndio walio jikoni.

Mkaa hauna sifa ya kuwa zao la umaskini mtupu. Ni biashara kubwa, yenye matabaka yake. Chini kabisa yupo mchomaji, anayejenga tanuri la udongo porini, analala nalo siku na usiku, na katika kila kilo 100 za kuni kavu anapata kilo 10 hadi 20 za mkaa. Zilizobaki zimekwenda angani. Juu yake yupo dalali, kisha mwenye lori, kisha mwenye ghala mjini, kisha muuzaji wa gengeni. Gunia linalotoka porini ni la lumbesa, limefungwa kichungu juu. Linapofika mjini linapasuliwa na kupimwa kwa sado na kopo, na kila kipimo kinapopungua bei ya kilo inapanda. Maskini wa Manzese anayenunua mkaa wa kopo analipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye nyumba ya Mikocheni anayenunua gunia zima. Anayekata mti anapata kidogo, anayeutumia analipa sana, na ziada inabaki katikati ya barabara. Mkakati wa kupikia unamtaja mlaji na unamtaja msambazaji wa gesi. Mlolongo huu wa katikati umeguswa kijuujuu tu.

Wala tusisahau historia. Vijiji vilivyokusanywa kati ya 1973 na 1976 viliweka watu wengi mahali pamoja, na katika sehemu nyingi miti ya karibu ilikwisha upesi na mwendo wa kutafuta kuni ukarefuka. Chama na Serikali vilijibu kwa mashamba ya miti ya vijiji, kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, na kwa kampeni ya Misitu ni Mali mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kata mti, panda mti, tuliambiwa. Miti mingi ilipandwa. Mingi vilevile ilikufa, kwa kuwa haikujulikana ni ya nani. Mti wa kijiji kizima ukawa mti wa mtu yeyote mwenye panga. Suala la umiliki lilikuwa limerukwa, na sera za leo zinaelekea kulirukia mara ya pili.

Siasa ya mtungi

Mkakati wa 2024 unalenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lengo ni jema, na kupigwa marufuku kwa kuni na mkaa katika taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ni hatua ya maana, kwani shule moja ya bweni hula msitu mdogo kila mwaka. Mkakati wenyewe unataja nishati nyingi: umeme, gesi, bayogesi, mkaa mbadala. Lakini katika vitendo nguvu kubwa imekwenda kwenye gesi ya mitungi. Mitungi imegawiwa majukwaani, imegawiwa na wabunge, imeuzwa vijijini kwa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini. Yapo majimbo ambako mtungi umekuwa kama fulana na kofia za wakati wa uchaguzi.

Makada wengi, wakiulizwa gesi hii inatoka wapi, hujibu: Mtwara. Jibu hili lazima lisahihishwe katika kila darasa la itikadi. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, ambayo tangu 2015 inasafiri kwa bomba la kilometa 542 hadi Dar es Salaam, ni methani. Inaendesha mitambo ya umeme na viwanda, na inafika kwa bomba katika nyumba chache. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, bidhaa ya mafuta, na yote tunaiagiza kutoka nje kwa meli na kuilipia kwa fedha za kigeni. Wananchi wa Mtwara waliofanya ghasia mwaka 2013 kwa ajili ya gesi yao wanapikia, wakipata, gesi iliyotoka ng'ambo.

Simkatazi mtu mtungi. Mama anayetoka kwenye moshi na kuingia kwenye gesi ameokoa mapafu yake, na hakuna nadharia yenye thamani kuliko mapafu ya mtu. Lakini tuone mwendo wa jambo lenyewe. Mtungi wa kwanza ni zawadi. Wa pili ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja, hata ule mdogo wa kilo 6. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kila siku kwa fedha ya siku hiyo. Kibarua anayelipwa jioni hawezi kununua mwezi mzima asubuhi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mtungi umegeuka kigoda pembeni ya jiko la mkaa. Huko si kukosa elimu, kama tunavyoambiwa katika semina. Ni hesabu sahihi ya mtu asiye na mshahara. Mwalimu wa kumwelimisha juu ya nishati safi angejifunza kwake zaidi kuliko yeye kwa mwalimu.

Uniti ya 76

Tufike sasa kwenye umeme, ambako mgongano ni mkali kuliko kwingine. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililotafitiwa tangu zamani na kuanza kujengwa kwa fedha zetu mwaka 2019, lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia katika gridi Februari 2024 na mwaka uliofuata yote tisa ikawa tayari. Gharama yake ni zaidi ya shilingi trilioni 6.5. Ni kazi ya kujivunia. Mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu kabisa ya gridi nzima yalikuwa bado chini ya megawati 2,000. Nchi iliyozoea mgawo wa umeme, wa 1994, wa 2006 uliozaa kashfa ya Richmond, wa 2022, ghafla ikawa na umeme kuliko inavyoweza kuutumia. Machi 2024 vituo kadhaa vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu ya ziada.

Umeme wa ziada upo, na kaya tisa katika kumi zilikuwa zinapikia kuni na mkaa. Mtu asiye mtaalamu angedhani tatizo limejibiwa: mama apikie umeme wa Rufiji, asiingize mtungi wa ng'ambo, asikate mti. Kinachomzuia nini?

Wa kwanza ni waya. Umeme umefika katika vijiji karibu vyote, lakini kufika kijijini na kuingia nyumbani ni mambo mawili tofauti. Kaya nyingi zinautazama ukipita juu ya mapaa yao kuelekea shuleni na kwenye mashine ya kusaga. Na njia kuu zenyewe ni dhaifu. Machi 2025 ilitangazwa kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa kuusafirisha kutoka kusini kunapoteza mwingi njiani. Wapo waliocheka. Hoja ya kiufundi ni ya kweli. La kujiuliza ni kwa nini mipango ilitenga fedha za bwawa kwanza na za laini baadaye, kama mkulima anayevuna kabla ya kujenga ghala.

Kizuizi cha pili ni bei, na hiki ndicho ningependa kila kada akifahamu. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, ambaye hatumii zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akizidisha, uniti zinazozidi hulipiwa shilingi 350, na akiendelea hivyo huhamishiwa kundi la shilingi 292 kwa kila uniti, toka ya kwanza. Bei hii ya chini ilibuniwa kumlinda maskini, na imemlinda kweli: anawasha taa tatu, redio, na kuchaji simu. Lakini ilimlinda kwa dhana kwamba maskini hapiki kwa umeme. Siku anapoamua kutii mkakati wa nishati safi, akanunua jiko la umeme, anavuka uniti ya 75 na bei inaruka mara tatu. Sera moja inamwita mezani, nyingine inampiga mkono anapoufikia mkate. Na jiko lenyewe si la anasa. Sufuria ya maharage katika jiko la presha la umeme hula kama nusu uniti au pungufu. Kwa shilingi 100 hakuna mkaa wa kushindana nalo.

Andiko la jiko lilipaswa kusema waziwazi: bei ya chini iongezwe upana ili itoshe chungu cha familia. Kwa nchi yenye megawati zinazokaa bure usiku na mchana, gharama ya kufanya hivyo ni ndogo kuliko ruzuku ya mitungi inayorudi kila mwaka kuomba dola. Urasimu unasema bei ni ya mdhibiti, bwawa ni la shirika, jiko ni la wizara, na mti ni wa wakala wa misitu. Mama ananunua LUKU kwa simu moja tu.

Tusijidanganye pia kwamba umeme wa maji hauna deni kwa ardhi. Eneo la bwawa lilikuwa pori la Selous, na miti yake ilihesabiwa katika zabuni kabla ya maji kuingia. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Ruaha Mkuu, ambao huchangia sehemu ndogo zaidi, ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu 1993, na Mtera imekwisha kutuonyesha mara kadhaa bwawa lisilo na maji linafananaje. Misitu ya nyanda za juu ikiendelea kugeuka mkaa, mitambo tisa itasimama kama ilivyosimama ya Mtera. Hivyo mkaa na megawati si vitu viwili. Anayelinda mti wa Kilombero analinda umeme wa Dodoma na treni ya umeme inayoufikia mji huo tangu 2024, ila yeye mwenyewe halipwi chochote na umeme huo.

Mti ni wa nani?

Limeingia sasa soko la kaboni, lenye kanuni zake tangu 2022. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, na kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, vijiji vimepata fedha kwa kuutunza msitu wao, na zimejenga madarasa na zahanati. Huo ni mfano mzuri kwa sababu msitu ni wa kijiji na mkataba ni wa kijiji. Lakini mwaka 2023 ilitiwa saini hati ya makubaliano na kampuni ya Dubai juu ya hifadhi za misitu za takriban hekta milioni 8. Kampuni inayonunua haki ya moshi wa wengine kwa miti yetu haijapunguza moshi wowote. Imeuhamisha katika vitabu. Azimio la Arusha liliiweka misitu, pamoja na maji na nguvu za umeme, katika orodha ya njia kuu za uchumi. Hewa iliyohifadhiwa ndani ya mti ni mali ya nani, ikiwa mti ni wa umma? Maandishi yote matatu hayajibu.

Kuna jibu la kuanzia, na lipo Kilosa. Tangu 2012 vijiji kadhaa huko vilitenga sehemu ya msitu wao kwa ajili ya mkaa, wakaugawa vitalu vidogo vidogo vinavyokatwa kwa zamu ya miaka 24 ili vichipue upya, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji. Mchomaji akawa mtu wa halali, mwenye leseni, anayejulikana kwa jina. Msitu uliokuwa wa kufyekwa kwa mahindi ukapata thamani ya kuachwa umesimama. Sasa, ikiwa mwaka 2034 asilimia 80 watakuwa wameacha mkaa, mfuko huo wa kijiji utajazwa na nini, na kile kipande cha msitu kitabaki msitu au kitageuka shamba la mahindi? Wanakijiji wa Kilosa wana haki ya kuuliza hivyo katika mkutano mkuu wa kijiji, na kada atakayekwenda kuzindua mitungi huko ajiandae nalo.